Kompyuta Inayowaka Ikipenda

Leo programu naziweka kando, tuzungumze chuma.

Kompyuta iliyokufa kabisa ni mgonjwa rahisi. Unabonyeza, haiwaki. Unabadilisha kifaa kimoja, haiwaki. Unabadilisha kingine, inawaka. Kazi imekwisha. Kila jaribio linakupa jibu la ndiyo au la.

Taabu ni ile inayowaka ikipenda. Leo asubuhi imegoma, mchana imeamka kana kwamba hakuna lililotokea, kesho imewaka mara ya kwanza, kesho kutwa imegoma tena. Mgonjwa wa namna hii ana hatari ambayo wengi hawaioni: kila dawa humponya. Naam, kila dawa. Na hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Niwape kisa chenyewe.

Mimi niko Ukunda, hatua chache kutoka Diani, naandika programu za watu nikiwa nyumbani. Binamu yangu yuko Msambweni. Ana chumba kimoja kando ya barabara, mbele ya nyumba ya mama yake, ambaye ni shangazi yangu. Ndani mna meza, kompyuta moja, printa moja, na ekstensheni ndefu ya kuchajia simu za watu. Wateja wanakuja pale kwa mambo ya eCitizen, mikopo ya HELB, nafasi za vyuo kupitia KUCCPS, na zaidi ya yote mambo ya KRA.

Kompyuta aliiunda mwenyewe, juu ya meza ya kulia ya shangazi. Bodi mama na prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 4 alizipata za mtumba Mombasa. RAM 8 GB, diski ya SSD mpya, na kasha la zamani lililokuja na pawasaplai yake ndani. Jumla shilingi 24,000, na pesa hizo zilikuwa mkopo wa chama cha shangazi. Kila Jumapili akina mama wakikutana, marejesho yanatakiwa mezani. Hiyo mashine haikuwa ya kuchezea gemu.

Alinipigia simu Jumamosi tarehe 10 Juni 2023.

"Kaka, hii mashine ina jini," akasema. "Jana imegoma mpaka saa tatu, watu wamejaa nje. Leo imewaka mara moja. Na wala sijaigusa."

Kwa msiojua, Juni ndio mwezi wa mavuno kwa watu wa saiba hapa Kenya. Mwisho wa kujaza ritani za KRA, yaani taarifa ya mapato ya mwaka uliopita, ni tarehe 30 Juni. Mwenye PIN asiye na kipato naye hutakiwa kujaza. Ataandika sufuri, lakini lazima aandike. Asipofanya hivyo, faini ya mtu binafsi haipungui shilingi 2,000. Fikiria kijana hana kazi, hana biashara, kisha adaiwe elfu mbili kwa kutosema kwamba hana kitu. Kulikuwa na mmoja aliyekuja kwa bodaboda kutoka Shirazi asubuhi mbili, mara zote mbili akakuta mashine imegoma, akarudi. Nauli yake ilikwenda bure. Wengine walikuwa wameanza kusema ni heri kwenda Ukunda moja kwa moja.

Na mafundi walikuwa wamekwisha kuja. Wa kwanza alichomoa RAM, akazisugua meno kwa kifutio cha penseli, akarudisha. Ikawaka. Shilingi 500. Wiki ile ile ikagoma. Wa pili akabadilisha betri ndogo ya bodi, ile CR2032 inayofanana na sarafu. Ikawaka. Shilingi 300. Ikagoma. Wa tatu akasema ni virusi, akafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ikawaka. Shilingi 1,000. Siku ya tatu ikagoma.

Sasa msicheke mafundi hawa. Hakuna hata mmoja aliyedanganya. RAM zenye kutu ya chumvi ni jambo la kweli huku pwani, na kifutio ni dawa yake inayojulikana. Betri ya CR2032 huisha. Waliitwa waiwashe mashine, na mashine iliwaka mbele ya macho ya mwenyewe. Swali ni kwa nini iliwaka.

Nilimwambia binamu hivi: usifungue kitu, usibadilishe kitu. Tafuta daftari. Kila asubuhi andika mambo 4: saa ngapi, umebonyeza mara ngapi mpaka ikawaka, ilipogoma ilifanya nini, na hali ya hewa ikoje.

"Kaka, mimi nataka ipone, wewe unanipa kazi ya shule," akasema.

"Andika tu, bwana. Siku kumi."

Akaandika, kuanzia tarehe 11 hadi 20. Asubuhi 10. Katika hizo, 4 iliwaka mara ya kwanza na 6 iligoma. Ilipogoma ilikuwa vile vile siku zote: feni inatikisika nusu mzunguko, kisha inasimama. Hakuna mlio, hakuna picha. Anabonyeza tena na tena, anasubiri, na baada ya dakika kumi au ishirini inawaka, kisha inafanya kazi mpaka usiku bila kuzima hata mara moja.

Mvua haikuhusika. Mwezi wa sita kusi linavuma na mvua haziishi, lakini kulikuwa na asubuhi za mvua zilizowaka na asubuhi kavu zilizogoma. Jambo lililonishtua lilikuwa idadi ya kubonyeza katika zile asubuhi 6: mara 3, 4, 4, 6, 7, 9. Jini halina mpangilio. Hiki kilikuwa na mpangilio, na kilikuwa kinapanda. Kitu fulani ndani ya lile kasha kilikuwa kinazeeka siku hadi siku.

Usiku wa tarehe 20 nikampigia simu. Nikamuuliza, zile asubuhi 4 nzuri, usiku wake kulikuwa na nini tofauti? Hakujua. Lakini shangazi alikuwa karibu, na simu ilikuwa kwenye spika.

"Hizo ni siku za simu," akasema.

"Shikamoo shangazi. Siku za simu vipi?"

"Marahaba mwanangu. Siku watu wameacha simu zao zilale hapa zikijaa, mimi sizimi swichi ya ukutani. Siku hakuna simu, nazima. Radi hizi nitaziachaje, na tokeni zenyewe ndizo hizi?"

Binamu akafungua daftari la simu, lile la majina ya wateja na shilingi 20 zao. Katika zile siku 10, usiku wa simu ulikuwa mara 5. Mara 4 kompyuta iliwaka asubuhi yake bila taabu. Usiku usio na simu ulikuwa mara 5, na zote 5 iligoma. Ikabaki asubuhi moja isiyokaa sawa: simu zilikuwepo, swichi haikuzimwa, na bado iligoma. Akaangalia kando ya majina ya siku hiyo. Alikuwa ameandika kwamba wateja wawili hawakulipa, kwa sababu simu zao hazikujaa. Stima ilikuwa imepotea tangu saa nane za usiku mpaka alfajiri.

Basi hapo ikawa 10 kwa 10. Kompyuta iliyolala na stima ukutani iliamka. Iliyolala bila stima ilikataa.

Na ukitazama hivyo, utaona kwa nini kila fundi alifaulu. Wote walikuja mchana, mashine ikiwa imeshachomekwa tangu asubuhi. Walizima dakika chache, wakafanya yao, wakawasha. Haikupata nafasi ya kupoa. Hata angekuja mtu akaipulizia moshi wa ubani, ingewaka.

Sasa tuingie ndani kidogo. Kompyuta za mezani tangu mwaka wa 1995 zinafuata mpangilio wa Intel unaoitwa ATX. Katika ATX, ile swichi ya mbele haikati stima kama swichi ya taa. Ukichomeka plagi na kuwasha ukutani, pawasaplai tayari inatoa volti 5 ndogo za kukesha, kupitia waya wa zambarau. Volti hizo ndizo zinazoifanya bodi iwe macho hata ukiona mashine imezima. Ukibonyeza, bodi inaishusha volti ya waya wa kijani hadi sufuri, na hiyo ndiyo amri ya kuamsha pawasaplai nzima. Pawasaplai ikishatoa volti 12, 5 na 3.3 zikatulia, inapeleka ishara kwa waya wa kijivu kusema mambo yako sawa. Bila ishara hiyo bodi haiiachii prosesa ianze. Haya yote yanatokea kwa chini ya sekunde moja.

Sasa kama mzunguko ule wa kukesha ni dhaifu, bodi inatoa amri, mzigo unaingia, volti zinaanguka, kila kitu kinalala tena. Feni inatikisika nusu mzunguko na kusimama. Mnaona?

Kulikuwa na dawa ya kutuliza maumivu, na nilimpa usiku ule ule: asizime ukutani mpaka nifike. Duka likafunguliwa saa moja asubuhi bila taabu. Lakini kutuliza si kuponya. Stima ingepotea usiku mmoja tu, tungerudi pale pale, na ile hesabu ya 3, 4, 4, 6, 7, 9 ilikuwa bado inapanda.

Jumatano tarehe 21 jioni nikapanda matatu ya Lunga Lunga nikiwa na multimita na pawasaplai ya kompyuta yangu mwenyewe, ninayoijua kuwa nzima. Tukazima ukutani, tukalala.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri tukaanza. Kwanza stima yenyewe, maana kila mtu pale alikuwa anailaumu. Kenya tuna sababu ya kulaumu. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma ya kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Lakini multimita kwenye soketi ilisoma 238. Stima yetu ni ya volti 240, kwa hiyo hapo hapakuwa na kesi.

Kisha nikapima waya wa zambarau, mkono mmoja wa multimita kwenye zambarau, mwingine kwenye mweusi. Kanuni ya ATX inaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo volti 5 za kukesha zisishuke chini ya 4.75. Zetu zilisoma 4.2. Binamu akabonyeza, zikaporomoka chini ya 3.5, feni ikatikisika, kimya. Tukakaa tukanywa chai ya shangazi tukiitazama multimita. 4.3. 4.5. Baada ya dakika ishirini ilisoma 4.8. Akabonyeza. Ikawaka.

"Basi tumepata," akasema.

Tulikuwa na mshukiwa. Ushahidi ulikuwa bado. Bodi yenye shoti ndogo ingeweza pia kuzivuta volti zile chini. Kwa hiyo jioni tukaiweka pawasaplai yangu kando ya kasha, plagi tu ndizo zilizoingia ndani, na kila usiku tukazima ukutani. Ijumaa ikawaka mara ya kwanza. Jumamosi ikawaka. Jumapili ikawaka.

Jumapili usiku nikamwambia arudishe ile ya zamani. Alinitazama kama niliyerukwa na akili.

"Kaka, imepona! Kesho Jumatatu, watu watajaa, Jumatano ni Idd. Kwa nini tuirudishie ugonjwa?"

"Kwa sababu hata yule wa kifutio aliondoka hapa ikiwa imepona."

Tukairudisha. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tukawasha ukutani, tukabonyeza. Feni nusu mzunguko, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, kimya. Sijawahi kuona mtu akifurahia kompyuta kugoma kama binamu alivyofurahi alfajiri ile. Tukachomeka yangu tena, ikawaka, na duka likafunguliwa saa moja kama kawaida.

Huo ndio ushahidi. Ukiondoa kitu na ugonjwa ukaondoka, una dhana nzuri. Ukikirudisha na ugonjwa ukarudi, una jibu.

Jumanne nikavuka feri Likoni katikati ya msongamano wa watu wa Idd, nikanunua pawasaplai mpya Mombasa kwa shilingi 3,500. Tulikuwa tumeshawalipa mafundi 1,800, zaidi ya nusu ya bei hiyo, kwa kuponywa mara tatu. Jumatano watu wakasali Idd. Alhamisi tarehe 29 yule kijana wa Shirazi akaja kwa mara ya tatu. Mashine ilikuwa inamsubiri. Sufuri zake zikaingia, akatolewa risiti, akaondoka. Ijumaa tarehe 30 foleni ilikuwa mpaka barabarani, na Jumapili shangazi alikwenda chamani na marejesho yake yote.

Ile pawasaplai ya zamani nilimpelekea mzee mmoja fundi wa redio hapa Ukunda. Wewe msomaji usiifungue mwenyewe. Ndani mna kapasita kubwa ambazo zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi, na hazina huruma. Mzee aliifungua, akaigeuza, akacheka.

"Hizi hapa mbili zimekauka," akasema, akinionyesha kapasita ndogo zilizovimba vichwa. "Redio za zamani zilikuwa hivi hivi. Inaimba ikishapata joto."

Maneno yake ndiyo maelezo yote ya kitaalamu. Kapasita za aina hii zina majimaji ndani. Majimaji yakikauka, upinzani wake wa ndani unapanda, na unapanda zaidi zikiwa baridi. Zikipata joto kidogo zinajikakamua. Baridi yetu ya kusi si baridi ya Limuru, lakini kwa kapasita iliyochoka, kulala usiku mzima bila stima kunatosha. Ikiwa na stima ya kukesha, ule mzunguko unajipasha wenyewe kidogo kidogo usiku kucha. Kwa hiyo simu za wateja, bila wao kujua, zilikuwa zinaipasha kompyuta moto.

Na joto lenyewe ndilo linaloziua. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi ukizipunguza, maisha ya kapasita yanakaribia kuwa maradufu. Ukiziongeza, yanakuwa nusu. Chumba cha mabati chenye vumbi, feni iliyoziba, kazi ya kutwa nzima, hesabu mwenyewe. Dunia iliwahi kupata funzo kubwa kuhusu hili. Kuanzia karibu mwaka wa 1999 hadi 2007 kapasita nyingi mbovu ziliingia katika kompyuta za kampuni mbalimbali, zikavimba na kuvuja kabla ya wakati wake. Mwaka wa 2005 Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya tatizo hilo.

Sisi waandishi wa programu tunawajua sana wagonjwa wa aina hii. Mwaka wa 1985 Jim Gray, aliyekuwa kampuni ya Tandem, aliandika ripoti kuhusu sababu za kompyuta kusimama. Alitenganisha kasoro ngumu, zinazojirudia kila ukijaribu, na kasoro laini, zinazopotea ukianza upya. Za laini ndizo zilizojaa katika programu zilizokwisha kuingia kazini, alisema, na kwa hizo kuanza upya ni tiba halali. Nadhani ndiyo maana sote tumezoea kuzima na kuwasha. Lakini chuma kinachozeeka hujifanya kasoro laini. Ukibonyeza mara tatu ikawaka, unaona imepita. Haijapita. Wiki ijayo itataka mara sita, na siku itakayotaka mara mia utakuwa na foleni mlangoni.

Kwa hiyo kama una kompyuta ya namna hii nyumbani, fanya hivi:

1. Usibadilishe kitu kwanza. Andika siku 7 hadi 10: saa, idadi ya kubonyeza, na inagoma vipi. Andika na siku nzuri, maana siku nzuri zina habari kuliko mbaya.

2. Jifunze kuigomesha kwa makusudi. Kama huwezi kuigomesha unapotaka, huwezi kujua kama umeiponya. Yetu ilihitaji usiku mmoja bila stima. Yako inaweza kuhitaji joto, au kusukumwa meza.

3. Soma dalili. Feni inatikisika na kusimama: anza na pawasaplai, kisha shoti. Feni zinazunguka lakini hakuna picha: anza na RAM, chomoa, safisha meno, jaribu kijiti kimoja kimoja. Inawaka kisha inazima baada ya dakika chache: tazama joto na feni ya prosesa. Saa na tarehe zinarudi nyuma: hiyo ndiyo CR2032.

4. Kama bodi yako ni mpya ya RAM za DDR5, mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi ikizijaribu RAM. Huo si ugonjwa. Kunywa maji, subiri.

5. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na jaribu katika hali ile ile inayoigomesha. Jaribio la mchana halijibu swali la alfajiri.

6. Ikipona, rudisha kile kibovu. Inauma, lakini rudisha.

Mtihani wa mwisho hatukuupanga sisi. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukapata shida. Iliporudi Msambweni, ile mashine ilikuwa imekaa saa nyingi bila stima yoyote, katika hali ile ile iliyokuwa ikiishinda mwezi wa sita. Nilipata ujumbe kutoka kwa binamu, maneno mawili tu: "Mara moja."

Shangazi bado anazima ukutani usiku usio na simu. Aendelee. Radi zipo, tokeni ni ghali, na kompyuta nzima haipaswi kutegemea simu za watu ili iamke.